Kumpikia mtoto anayetibiwa saratani kwa kemo: fuata siku za dawa

Nunua daftari dogo, litoboe pembeni, litie uzi ulitundike jikoni pamoja na kalamu yake. Kila siku andika mambo manne: dawa alizopata, alichokula na kiasi chake, kama ametapika au ameharisha, na joto la mwili. "Amekula vizuri" haimsaidii mtu. Andika "nusu kikombe cha uji, vijiko vitatu vya wali, samaki kakataa". Mtaalamu wa lishe akikuuliza kliniki, unamfungulia ukurasa, hukuni kichwa. Na baada ya mizunguko miwili mitatu ya dawa, ukipitisha kidole kwenye zile kurasa, utaona kwamba hamu ya mtoto haipotei ovyo ovyo. Kuna siku za kichefuchefu, siku za vidonda vya mdomo, siku za njaa ya ajabu, na siku nzuri kabisa. Ukishazijua, unapika kwa kuzifuata. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza hapa, mengine ni matawi yake.

Mimi ni dereva wa tuktuk, naishi Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, na upishi wangu wa zamani ulikuwa chai na mayai. Binti yetu Mwanaisha alianza kutibiwa saratani ya damu akiwa na miaka 6, wakati huo mamake ana mtoto mchanga wa kunyonya, basi sufuria zikaniangukia mimi. Ninayoandika nimeyapata kwa mtaalamu wa lishe, kwa masista wa wadi, kwa mamangu mzazi aliyenifundisha kukamua tui, na kwa akina mama tuliokaa nao benchi moja tukingoja majina kuitwa. Saratani za watoto ni nyingi na dawa zake ni nyingi, kwa hiyo neno la daktari wa mwanao likipingana na langu, fuata la daktari.

Mfano mmoja wa kuonyesha kwa nini nasema hivyo. Mzee yeyote wa Pwani atakwambia dafu ni dawa, na mtoto anayetapika humfaa kweli. Lakini siku za mwanzo kabisa za matibabu, hasa ya saratani ya damu na ya tezi za limfu, seli za ugonjwa hufa kwa wingi mara moja na kumwaga potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikizidi huvuruga moyo. Siku hizo daktari anaweza kukataza dafu, ndizi na machungwa. Wiki kadhaa baadaye mtoto huyo huyo anaweza kupewa dawa inayopunguza potasiamu, akaambiwa ale ndizi. Ndizi ni ile ile, siku ndiyo tofauti.

Siku ya dawa

Chakula kiwe chepesi, kikavu, kisicho na harufu, saa moja au mbili kabla ya dawa: mkate uliokaushwa, kiazi cha kuchemsha, wali mweupe kidogo, biskuti. Dawa ya kuzuia kutapika impate kwa wakati wake, kabla tumbo halijachafuka. Ikishachelewa, hata upike nini utakimwaga.

Siku hiyo usimpe chakula anachokipenda. Najua moyo unakutuma hivyo, mtoto anakwenda kudungwa sindano, umfurahishe. Mwaka 1978 mtafiti mmoja wa Marekani, Ilene Bernstein, alichapisha utafiti wa watoto waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya kemo. Walipoletewa tena baadaye, wengi wao waliikataa. Mwili ulikuwa umeunganisha ladha ile na kichefuchefu, ingawa kosa lilikuwa la dawa. Sasa fikiria chakula kile ni mbaazi za nazi na mahamri, ambavyo Mwanaisha angekula asubuhi na jioni kama angeachiwa. Tulivipiga marufuku siku za kliniki ili vibaki salama. Badala yake nilimpa peremende ya limau njiani, kitu ambacho hata akikichukia maisha yake yote hatujapoteza lolote. Watafiti walikuja kuijaribu mbinu hiyo pia, wakaona inasaidia.

Harufu ni adui mkubwa kuliko wanavyodhani watu. Vitunguu vikikaangwa, samaki, hata mafuta ya jana yakipashwa moto, mtoto anaanza kutema mate. Toa jiko nje na ulitegee upepo. Wakati wa kusi nilikuwa nikiteleka nyuma ya nyumba na harufu yote ikaenda kwa jirani, Mungu amsamehe kwa kuvumilia. Chakula kikipoa harufu hupungua, kwa hiyo uji vuguvugu hushinda uji wa moto. Akilalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, mpe kijiko cha plastiki au cha mti.

Kama nyinyi nanyi mnavuka feri kwenda kliniki, msikae kwenye foleni ile na jua lile mkiwa na chakula cha harufu kwenye mfuko. Wali mweupe kwenye hotipoti, maji yaliyochemshwa, mfuko wa plastiki wa kutapikia, kitambaa chenye maji. Basi.

Akishatapika

Mwache tumbo litulie kama nusu saa. Halafu kijiko kimoja cha maji kila baada ya dakika tano, usimpe gilasi, maana kiu itamfanya aimalize na itarudi yote. Akianza kuharisha au akitapika mfululizo, tumia pakiti za chumvi na sukari za hospitali, na usome kwenye pakiti ni ya nusu lita au ya lita moja, kwa sababu zipo za aina zote mbili. Ukiwa huna pakiti: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha si vya kilima. Mtoto asiyekojoa saa sita hadi nane, mdomo umekauka, analia bila machozi, huyo ni wa hospitali, si wa vijiko tena.

Vidonda vya mdomo

Huanza mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi tangu dawa. Hapa ndipo watoto wengi hupoteza mwili, kwa sababu njaa anayo lakini kumeza ni mateso. Kazi yako ina pande mbili.

Kwanza mdomo wenyewe. Mswaki laini sana, na kusukutua mara nne au zaidi kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, gilasi moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa impe nusu saa kabla ya chakula, isiwe baada. Ukiona utando mweupe kama maziwa yaliyoganda kwenye ulimi na mashavuni, hiyo huenda ni kuvu, ina dawa yake, mpeleke.

Pili ni sufuria, na hapa Mombasa tumebarikiwa. Vyakula vyetu vya nazi na vya futari vingi ni laini na vina nguvu ndani yake: boga la nazi, tambi, viazi vitamu, uji wa mchele, nguru kwenye tui bila ndimu wala pilipili. Nasema nguru kwa kuwa miba yake ni mikubwa na huonekana. Tafi ni mtamu lakini kumchambulia mtoto mwenye vidonda ni balaa. Weka mbali ukwaju, achari, maembe mabichi, ndimu, nyanya nyingi, viazi karai na kila kilichokauka kikakwaruza.

Mfalme wa siku hizi ni bokoboko. Loweka usiku kikombe kimoja cha ngano iliyokobolewa, ile inayouzwa soko la Marikiti kwa kazi hiyo. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, tia ngano sufuriani na robo kilo ya nyama isiyo na mfupa, kijiti cha mdalasini, chumvi ya kuonja tu, na maji vikombe sita. Ikishachemka punguza moto ufunike, na kila ukipita geuza chini isishike. Baada ya saa mbili au tatu nyama itakuwa inaachana yenyewe na ngano imepasuka. Toa mdalasini. Sasa chukua mwiko mzito, kaa chini, ushike sufuria kwa miguu ukiwa umeifunga kitambaa, upige. Usikoroge, piga, ukivuta kutoka chini kuja juu, mpaka nyuzi za nyama zisionekane tena na uone bokoboko linavutika likifuata mwiko. Mkono utauma. Tia vijiko viwili vikubwa vya samli upige tena. Za watu wazima humwagiwa vitunguu vya kukaanga na sukari juu, za mtoto wa vidonda acha vitunguu, ulegeze kwa supu au maziwa mpaka lipite bila kutafuna. Kikombe kidogo cha kahawa kinamtosha kwa mara moja, baada ya saa mbili unampa kingine.

Chakula kidogo, nguvu nyingi

Mtoto mgonjwa ana nafasi ndogo tumboni, usiijaze maji. Uji mwembamba ambao kila mgeni anausifu ni maji yaliyopakwa rangi. Kwenye kikombe kimoja cha uji mzito kiasi, tia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga, kijiko kikubwa cha maziwa ya unga na kijiko cha chai cha samli au mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta peke yake kina kama kalori 120, na mtoto hata haoni kimeingia wapi. Wali upikwe kwa tui zito, kiazi kipondwe na yai lililoiva, parachichi lipondwe na maziwa. Milo mitatu haimfai, mpe mara sita au saba, kidogo kidogo, na ndani yake pasikose yai, samaki, kuku, mbaazi au kunde.

Karanga zichambue moja moja kabla ya kusaga. Iliyosinyaa, nyeusi au yenye ukungu itupe, kwa sababu ukungu ule una sumu ya ini na haiondoki kwa kupika. Joto na unyevu wa huku kwetu huziharibu upesi, nunua chache chache.

Wengine huja kliniki na mikebe ya bei ya unga wa maziwa maalumu waliyouziwa na mtu mtaani. Kama hujaandikiwa, pesa hiyo ni mayai ya mwezi mzima. Na ukipewa hospitalini zile pakiti za karanga za tiba, gramu 92 zenye kama kalori 500, ujue ni za mgonjwa. Nduguze watazitamani, ni tamu kweli. Ficha.

Seli nyeupe zikiwa chini

Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne seli nyeupe za damu, ambazo ndizo kinga ya mtoto, hushuka sana. Mdudu ambaye wewe na mimi tungemharishia siku moja anaweza kumlaza yeye mahututi. Kwa hiyo katika siku hizo, na mimi nilizidisha kidogo kila upande, asile kitu cha barabarani. Juisi ya miwa, mabuyu, matunda yaliyokatwa, mishkaki, kachumbari, yote yangoje. Dafu analipenda? Linunue zima, lioshe ganda kwa sabuni nyumbani, upasue kwa kisu chako safi, anywe pale pale. Panga la muuza madafu limeshinda juani likikata mamia, na ndoo yake ya maji umeiona.

Mayai yaive mpaka kiini kigumu. Maziwa ya kupimiwa yachemshwe hata kama muuzaji ni mjomba wako. Matunda yawe ya kumenya: ndizi, papai, chungwa, embe, na yaoshwe kabla ya kumenywa. Tui ulilokamua livuruge motoni mpaka lichemke, tui bichi halikai katika joto hili. Chakula kilichokaa nje zaidi ya saa mbili si chake tena, na siku za kaskazi, joto likiwa kali, hesabu saa moja. Wali uliolala nje ndio mbaya zaidi, kwa sababu sumu inayoota ndani yake haifi ukiupasha.

Kisha kuna jambo la sinia. Sisi hula pamoja, mikono sita saba kwenye wali mmoja, na kumtenga mtoto kunauma. Mwanaisha tulimpa sahani yake na kijiko chake lakini akakaa kwenye mkeka ule ule, katikati yetu, na mimi nilikula kwa kijiko pamoja naye ili asijione. Waeleze ndugu wazi kwamba saratani haiambukizi. Tunamlinda yeye asiambukizwe na sisi, si sisi tusiambukizwe na yeye.

Njaa ya steroidi

Saratani ya damu ya watoto mara nyingi ina vipindi vya dawa za steroidi, prednisoloni au deksamethasoni, na hapo utadhani umeletewa mtoto mwingine. Saa nane za usiku anakuamsha: "Baba, nataka viazi karai." Analia kwa njaa, ananuna, mashavu yanajaa. Usimgombeze, ni dawa inayosema. Ila usifurahie sana pia, kwa kuwa mwili unaoongezeka siku hizo ni maji na mafuta zaidi kuliko misuli. Dawa hii hushika chumvi mwilini na kupandisha sukari, basi punguza krispi za muhogo, ng'onda, soda na kaimati. Weka tayari vitu vya kumshibisha: mayai ya kuchemsha, mbaazi, kuku wa kuchemsha, ndizi. Kidonge amezee chakula, kisimkute na tumbo tupu. Akianza kunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara, sema kliniki, wampime sukari.

Vinkristini, dawa nyingine ya kemo, nayo hufunga choo. Papai lililoiva, maji mengi, ukwaju uliolowekwa kama mdomo hauna vidonda, na umwombe daktari dawa ya kulainisha mapema, kabla hajakaa siku tatu. Usimtie bomba, wala kipande cha sabuni, wala chochote kwa njia ya nyuma. Seli nyeupe zikiwa chini mkwaruzo mdogo huko ni mlango wa maambukizi ya damu.

Dawa za wageni

Watakuja, kwa mapenzi yao. Shangazi yangu alikuja na chupa ya mlonge uliosagwa na habasoda. "Baba Mwanaisha, hii umpe kijiko asubuhi na jioni, usimwambie daktari, hao hawapendi dawa zetu." Nikamwambia, "Shikamoo shangazi, ahsante sana, nitaiweka. Daktari akisema ndiyo, utakuwa wewe ndiye wa kumpa." Hakukasirika, na mimi sikumpa mtoto. Majani na mbegu zenye nguvu zinaweza kugongana na kemo ini likashindwa, na hata vidonge vya vitamini si salama kwa kila mtu: asidi ya foliki, kwa mfano, inaweza kupunguza kazi ya methotreksati, mojawapo ya dawa za kemo. Asali mbichi iache wakati kinga iko chini, na mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali kabisa, awe mgonjwa awe mzima.

Utaambiwa pia sukari inalisha saratani, umnyime mtoto sukari na wanga. Hakuna ushahidi kwamba kumnyima hivyo kunaua uvimbe. Anayepungua ni mtoto, na mtoto aliyekonda hupata maambukizi zaidi na dozi zake huahirishwa. Ramadhani ikifika, mwanao asiyebaleghe hana wajibu wa kufunga hata angekuwa mzima, achilia mbali kwenye kemo. Mwanaisha alitaka kuamka daku na nduguze, tukamruhusu, akala, na saa nne asubuhi akala tena.

Kupima mwili

Usiamini mizani peke yake. Mtoto mwenye uvimbe wa figo au wa ini hupimwa uzito pamoja na uvimbe, anaonekana mzito ilhali mikono ni vijiti, na wa steroidi uzito wake una maji. Mkono wa juu husema kweli zaidi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kuna utepe wa rangi kliniki: chini ya sentimita 11.5 ni hatari, kati ya hapo na 12.5 ni onyo. Kwa mkubwa zaidi, pima kwa futi ya fundi cherehani kila wiki, mkono ule ule, katikati ya bega na kiwiko, uandike kwenye daftari. Ukishuka wiki mbili mfululizo usingoje tarehe ya kliniki.

Wakipendekeza mpira wa puani, usikatae kwa kuogopa macho ya watu. Unaweza kumlisha kupitia huo nyumbani, ukifundishwa, na vita vya kila mlo vinaisha. Sijaona mzazi aliyejuta, nimeona waliochelewa.

Na homa. Kipimajoto kiwe chako, pima kwapani. Ikifika 38, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, hata akiwa anacheza. Usimpe panadol kwanza, itashusha joto na kuficha ugonjwa. Weka mfuko karibu na mlango wenye kadi ya kliniki, daftari, leso mbili, chupa ya maji na nambari ya dereva anayepokea simu usiku. Ukifika pale mapokezi usianze na hadithi ndefu. Sema: "Mtoto yuko kwenye kemo na ana homa," urudie mpaka mtu ainuke.